Mtani Wako Amepatikana Blacktown

Mpendwa Mjomba,

Nakuandikia nikiwa bado sijavua nguo za jana. Kumekucha hapa Campbelltown, Sydney, wenzangu wamelala, nami nimeketi mezani na chai iliyokwisha kupoa, maana furaha niliyo nayo imeninyima usingizi. Naiandika barua hii wazi, ili ndugu zetu waliokuwepo ukumbini waisome na kunisahihisha nitakapotia chumvi, na wasiokuwepo wajue walichokikosa. Habari yenyewe ni fupi: Kesha la Mtani, kipindi chako cha zamani, limerudi. Halikuwa na mnara wala mitambo. Lilikuwa na ukuta mweupe na projekta ya kuazima. Lakini limerudi, Mjomba, na watu wamecheka mpaka wengine wakashikilia viti.

Wasiokufahamu wanastahili kwanza kuambiwa ulikuwa nani.

Kila Ijumaa usiku, baada ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kituo kidogo cha televisheni cha mjini Iringa kilizima taa za studio. Kioo kilikuwa cheusi tititi. Kisha kiberiti kikawaka, ukaonekana uso wako: umepakwa unga wa ngano, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi, blanketi mabegani, kwa sababu baridi ya Iringa haimhurumii mtu hata akiwa mzuka. Ulikuwa umeketi ndani ya jeneza uliloazima kwa seremala, unakunywa chai kwa kikombe cha bati. Ulimeza funda moja bila haraka, ukainua macho, ukauliza, “Mko hai? Haya, tuendelee.”

Zilikuwa filamu za kigeni, za zamani, nyeusi na nyeupe, zenye mikwaruzo kana kwamba zilinyeshewa mvua. Hakuna aliyeelewa lugha yake, na wewe hukutaka aielewe. Ulipunguza sauti ya filamu na kuwasemea wote mwenyewe, kuanzia tajiri wa ngome hadi mzimu wake. Uliwapa undugu wasiokuwa nao. Mnyonya damu akawa shemeji anayekuja kudai mahari iliyobaki. Binti aliyekuwa akikimbizwa msituni akawa mtoto wa shangazi aliyeambiwa asitoke usiku na hakusikia. Na filamu ilipofika mahali pa kutisha kuliko pote, mlango ukianza kufunguka wenyewe, uliisimamisha. Picha ikaganda. Ukatutazama kwa upole wa daktari na kutushauri, “Kabla hatujaendelea, kila mmoja amtazame aliyekaa kando yake. Kama ana nywele nyingi mikononi kuliko jana, sogea.”

Tulikuwa tukisogea kweli. Bibi, mama yako mzazi, alijifunika blanketi gubigubi akisema mwana huyu atamuua kabla ya siku zake, kisha akatoboa upenyo wa jicho moja ili asikose kitu. Baba alijifanya anasoma gazeti. Nami nilikaa mkekani katikati ya watoto wa majirani, nikiwa na hofu na fahari kwa kipimo kimoja, maana mzuka uliokuwa ukiutetemesha mji mzima ulikuwa Mjomba wangu, na asubuhi ungekuja kwetu kunywa uji.

Lakini lililokufanya uwe wewe halikuwa unga wala jeneza. Lilikuwa utani. Sisi ni Wangoni, kwa baba na kwa mama, na tuliishi katikati ya Wahehe. Babu zetu walipigana na babu zao vita vikali, kisha makabila hayo mawili yakaona heri kutukanana kuliko kuuana, na tangu hapo tumekuwa watani. Mtani ana haki ambazo ndugu hana. Akifiwa Mhehe, Mngoni anaingia msibani akicheka, anaiga mwendo wa marehemu, anakalia kitanda chake, anadai urithi. Hata kaburi likishachimbwa, anaweza kushuka humo na kulala, na mazishi hayaendelei mpaka wafiwa wamtoe kwa kumpa anachokitaka. Wafiwa hawakasiriki. Wanacheka, na wakishacheka ndipo wanapoweza kulia vizuri.

Hivyo ndivyo ulivyoingia kwenye televisheni. Alipofariki baba wa mwenye kituo, Mhehe mwenye heshima zake, ulilala kaburini mwake ukalalamika kwamba limechimbwa fupi, na kwamba Wahehe ni wabahili hata wa udongo. Mwenye kituo, ambaye hakuwa amefumbua kinywa tangu msiba uingie, alicheka mpaka akakaa chini. Matanga yalipokwisha alikuita ofisini na kukuuliza kama unaweza kufanya jambo lile mbele ya kamera. Umahiri wako, Mjomba, haukutoka chuo chochote cha sanaa. Ulitoka makaburini, mahali ambapo kichekesho kikikosewa hakisameheki.

Ndiyo maana filamu uliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukipevuka. Ulimhurumia kwa dhati. Manyoya yalipoanza kumwota usoni ulimsihi asithubutu kupita Iringa akiwa katika hali hiyo, kwa kuwa Wahehe wanajulikana nchi nzima kwa mapenzi yao makubwa kwa nyama ya mbwa, na asingemaliza hata mtaa mmoja. Simu ya studio ilianza kulia papo hapo. Nakumbuka sauti ya mama mmoja wa Kihehe, mtu mzima, ikisikika hewani mji mzima: “Wewe Mngoni, mlianza kukimbia Uzulu mkaja kuchokea huku. Usijitie ushujaa kwenye kioo.” Nawe ukamjibu kwa adabu zote, “Ni kweli, mama. Tulikimbia na mbwa wetu. Tulipopita kwenu, tukaendelea peke yetu.”

Usiku ule nyumba za mtaa wetu zilicheka kwa pamoja. Nilikisikia kicheko kikitoka dirisha hadi dirisha, cha Wahehe kikiwa kikubwa kuliko chetu.

Kituo kilifungwa nikiwa sekondari, na kanda zako zilikwisha kurekodiwa juu yake mahubiri na mechi za mpira. Hakuna iliyobaki. Nikasoma, nikaolewa, nikaja huku, nikawa mfamasia anayezungumza kwa sauti ya chini nyuma ya kaunta. Ukawa mtu wa simu ya Jumapili.

Kisha ukafariki, na mazishi yakapangwa kesho yake. Hakuna ndege ya Sydney ambayo ingenifikisha. Nilikuzika kwenye simu, nikiwa nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari, binamu akiwa ameinua yake juu ya vichwa vya watu kule makaburini. Niliwaona wakija, Mjomba. Wahehe walikuja kwa wingi, wazee kwa vijana, wamevaa makoti nje ndani, mmoja ana kikombe cha bati shingoni. Walikuwa wanakuja kulipa. Nilimwona mzee mmoja akishuka kaburini mwako, akajinyoosha, akaweka mikono kichwani kama mtu aliye ufukweni. Umati ukasogea. Akafungua kinywa kusema, na mtandao ukakatika.

Mtandao uliporudi, walikuwa wanatupa udongo.

Niliwauliza wote baadaye alisema nini. Kila mmoja aliniambia kwamba ilichekesha sana, na hakuna aliyeweza kukirudia sawasawa, kwani maneno ya mtani yakisimuliwa yanapoa. Hicho ndicho kilichonikaa moyoni miezi hii yote. Sikulia. Watu walikuja na vyakula na sala, nikawashukuru wote kwa utulivu ambao hata mimi ulianza kunitisha. Nilijua ninachokikosa. Nilihitaji mtu mwenye haki hiyo akutanie mbele yangu, kwa sauti, kwa Kiswahili, ili nami nimalize msiba wangu.

Ndipo nikaiomba jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili ukumbi wa Blacktown, tufanye Kesha la Mtani kwa ajili yako: filamu ile ile ya mbwa mwitu, unga, jeneza na kila kitu. Mzee Nestori, Mrundi anayetuongoza, ambaye alikulia kambini Kigoma na sasa anahudumia wazee wasiojiweza, alinisikiliza hadi mwisho kisha akakataa kwa upole. “Dada,” aliniambia, “sisi tumetoka kwenye vifo. Hatuvichekei.” Sikubishana naye. Nilimweleza tu kuhusu mwenye kituo aliyecheka akakaa chini. Mwishowe akasema ukumbi tutaupata, ila yeye atakaa karibu na mlango, ili akishindwa atoke bila kumsumbua mtu.

Likabaki swali kubwa: mtani ni nani? Mimi siwezi, mfiwa hajitanii. Nilipiga simu kuanzia Auburn hadi pwani nikitafuta Mhehe, nikapata Wachaga, Wasukuma, Wahaya na Mzaramo mmoja aliyejitolea kuwa Mhehe kwa usiku mmoja. Watu walinicheka, kwa sababu Mhehe nimeolewa naye. Lakini wewe unajua, Mjomba. Mume wangu ni mkweo. Alivyokuwa akikusalimu ameinamisha kichwa siku ya mahari, ndivyo atakavyokuheshimu hata kaburini. Nilipomgusia alishtuka kana kwamba nimemwomba aende kanisani pekupeku. Kisha akageuza shingo taratibu, akamtazama binti yetu aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake.

Debora ana miaka kumi na sita. Ni Mhehe kwa baba yake, kwa hiyo ni mtani wako halali. Na ni mjukuu wako, kwa hiyo ana ruhusa mara mbili. Katika bara hili lote sikujua mtu mwingine mwenye haki hiyo. Na ni mtoto ambaye ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, tangu siku alipoanza shule.

Alikataa, bila shaka. Alisema, kwa Kiingereza chake, kwamba anakielewa Kiswahili lakini kikitoka kinywani mwake kinakuwa cha mtalii, na watu watacheka lafudhi badala ya kichekesho. Sikumlazimisha. Baba yake alimweleza tu jambo lile kama wanavyoelezana watu wazima: kwamba babu yake anadai deni la matusi ambalo Wahehe wa Iringa wamelilipa, na tawi la Sydney bado. Akarudi kwenye simu yake. Siku mbili tatu baadaye alianza kuuliza maswali. Babu alikuwa mkatili? Watu walikuwa hawaumii? Alijuaje wapi pa kusimamisha filamu? Nikamjibu yote niliyoyakumbuka, nikijikaza nisionyeshe shauku. Jioni moja nikapita karibu na bafu, maji yakiwa yanamwagika, nikamsikia ndani akisema neno “mzuka” tena na tena, kila mara kwa hasira mpya.

Basi jana. Mama Zuhura alikuja kutoka Auburn na sambusa zake na binti zake, akauliza kwa nini jeneza limeandikwa jina la friji. Lilikuwa boksi la friji kweli. Mume wangu alilipaka rangi ya kahawia lakini maandishi yaligoma kufunikwa. Ukumbi ulijaa. Watoto walikaa mbele sakafuni. Mimi niliwekwa kwenye kiti cha mfiwa, mbele kabisa, na Mzee Nestori akakaa kando ya mlango na koti lake mapajani. Taa zikazimwa. Kiberiti kikawaka.

Uso mweupe. Kofia ya sufu. Kikombe. Nilishika ukingo wa kiti.

Lazima niseme kweli: Debora alianza vibaya. Alikuwa amekariri, Mjomba. Alitusalimu kwa Kiswahili safi kama cha kitabu, akaeleza filamu inahusu nini, na watu wakampigia makofi. Makofi yale yaliniumiza. Yalikuwa makofi ya huruma, yale anayopigiwa mtoto anayesoma shairi, na mtani akishapigiwa makofi ya huruma, amekwisha. Filamu ikaanza. Alisema maneno mawili matatu juu yake, sauti ikapungua, akanyamaza. Watu wazima wakaanza kuangalia mbele kwa ile adabu tunayoitumia kumfichia mtu aibu. Mwezi ukapevuka ukutani. Manyoya yakaanza kuota kwenye shavu la yule bwana.

Debora akaisimamisha.

Picha iliganda, nusu ya uso ni mtu, nusu ni mnyama. Alisimama ndani ya boksi. Niliona anatafuta maneno aliyoyakariri na hayaoni. Akaniangalia mimi, pale kwenye kiti changu cha mfiwa, nilivyokaa wima na mkoba mapajani. Na akafanya kile ambacho wewe ungefanya: aliyaacha aliyoyaandaa, akanivamia.

“Mtazameni Mngoni huyu,” alisema. Lafudhi ilikuwa ya Campbelltown tupu. “Walianza kukimbia Uzulu. Wakakimbia, wakakimbia. Huyu mama yangu amekimbia mpaka Sydney, bahari ikamkataza kuendelea. Na babu, alipoona hakuna pa kwenda, amekimbilia chini. Sasa nani amebaki wa kunijibu?”

Ukumbi ulilipuka. Mama Zuhura alipiga kelele akamwangukia binti yake. Wachaga walisimama. Watoto walicheka kwa sababu wakubwa wanacheka, kisha wakaulizana, wakaelezana, wakacheka upya kwa sababu yao wenyewe. Mimi nilikuwa nimeinama, Mjomba, machozi yakinitiririka usoni hadi kwenye mkoba, nalia na kucheka kwa pamoja, wala sikujua kipi kimeanza. Lakini niliulizwa swali, na Mngoni hawezi kuliacha swali la Mhehe hewani. Nikasimama, nikanyoosha gauni langu.

“Nimebaki mimi,” nilisema. “Na mbwa wa jirani nimemfungia ndani tangu ulipoanza kuzungumza.”

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Alimsemea mbwa mwitu kama mgeni anayeomba kibali cha kukaa Australia, akaulizwa na polisi wa filamu kama manyoya yale ameyaorodhesha kwa forodha uwanja wa ndege. Alikosea ngeli, akachanganya, alipokosa neno akalitunga, na ukumbi ukalipokea. Niligeuka mara moja kumtazama Mzee Nestori. Koti lilikuwa limeanguka sakafuni. Alikuwa ameziba uso kwa viganja vyote viwili na mabega yakimtetemeka, na jirani yake alikuwa akimpapasa mgongo, asijue kama amfariji au amwache. Baadaye alinishika mkono muda mrefu. Aliniuliza kama mtani anaweza kuwatania watu waliozikwa zamani, bila mtu wa kuwacheka. Nikamwambia nadhani anaweza. Akasema basi atahitaji kuzungumza na Debora.

Ila mjukuu wako hakuwa amemaliza. Mbwa mwitu alipokaribia kufa, aliisimamisha tena filamu, akajilaza ndani ya boksi, akakunja mikono kifuani na kutangaza kwamba kaburi hili halifungwi mpaka alipwe. Mama Zuhura akamtolea sambusa. Akakataa. Mtu akatoa soda, mwingine kofia ya timu yake. Akakataa bila kufumbua macho. Anamtaka mfiwa. Nikasogea, nikauliza anadai nini.

“Funguo za gari,” alisema kutoka boksini. “Mpaka nyumbani. Usiku.”

Ana leseni ya kujifunzia tu, na nimemkatalia kuendesha usiku tangu aipate. Nina sababu zangu nzuri, nimezieleza mara nyingi kwa utaratibu. Nilimtazama mume wangu. Alitazama dari, kama mkwe anavyopaswa. Ukumbi mzima ulikuwa ukinisubiri, na mbwa mwitu naye ukutani, mdomo wazi. Mila ni mila, Mjomba. Nilifungua mkoba, nikamwekea funguo kifuani.

Kwa hiyo nimerudi nyumbani usiku nikiendeshwa na mtani wako. Alibandika kile kibao cha njano chenye L, akarekebisha vioo, akaingia barabara kuu kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai, baba yake nyuma akiwa amejikunyata na boksi la friji. Alizungumza njia nzima, juu ya wapi alikosea na wapi angesimamisha mapema zaidi, na filamu gani tufanye mwakani, nami nilijibu kwa neno moja moja, nikiogopa kuyakatiza yale maneno. Kwenye taa nyekundu, gari lililojaa vijana lilisimama kando yetu. Mmoja akageuka, akatuona, akawagusa wenzake. Wote wakaganda.

“Mama,” Debora akaniuliza, mikono miwili kwenye usukani, uso bado mweupe kama ukuta, “wale wanaangalia nini?”

Nikamwambia hawajawahi kumwona Mhehe.

Aliitafakari ile, akatabasamu kidogo ili unga usipasuke, na taa ikawa kijani.

Pumzika sasa, Mjomba. Umetaniwa, umezikwa, na nimelia.

Mpwa wako akupendaye,
mama wa mtani wako